Kazi ya Uani Ihesabiwe Vipi?

Ndugu msomaji, mwulize mama wa hapa Myamba anafanya kazi gani. Aghalabu atakujibu, "Mie nipo tu nyumbani." Kumbe uani kuna tangawizi ya kuoshwa na kuanikwa ipate kwenda sokoni, na barazani cherehani inamngoja! Jibu hilo la unyenyekevu ndilo linalomfuta kwenye hesabu ya wafanyakazi.

Upare una historia yake na wapimaji. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta mbiru, kodi iliyoongezwa juu ya ile ya kawaida, kila mtu akikadiriwa kwa mali yake. Watu wakakataa katakata. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka Same wakapiga kambi. Wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Hatimaye mbiru ikaondolewa. Ndiyo maana nasema mpimaji asiyeaminika haambiwi kitu.

Baada ya Uhuru kipimo kilikuja kwa sura nyingine. Tanzania Bara imefanya utafiti wa nguvu kazi mwaka 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Ule wa 2006 uliingiza jambo jipya: watu waliulizwa saa 24 za siku walizitumiaje. Hapo yule wa "nipo tu" anaanza kuonekana, maana saa hazina haya.

Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva wakakubaliana kwamba kulima chakula chako na kuchota maji ni kazi, ila si ajira. Ajira ni kazi ya kupata malipo au faida. Basi mahindi ya chungu chako ni kazi. Tangawizi ya kuuza ni ajira, hata kama umeioshea uani.

Nalo Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019, kabla Uviko-19 haijawafungia watu wa ofisini majumbani, watu milioni 260 walifanyia ajira zao nyumbani, zaidi ya nusu wakiwa wanawake. Kwa hiyo jambo hili halikuanza na kompyuta, bwana.

Karani ajaye kupanda milima yetu asiishie kuuliza, "Una kazi?" Aulize: jana ulifanya nini, ulifanyia wapi, na kitauzwa au kitaliwa? Asiyehesabiwa hakumbukwi mikopo na masoko yanapopangwa.