Nasibu na Kuchanga: Kwa Nini Swali Hurudi Kwenye Chemshabongo ya Simu

Mwanafunzi wa Micheweni, Pemba, anayejipima Baiolojia kwa programu ya chemshabongo akiulizwa swali moja mara mbili ndani ya dakika tano, hudhani simu ni mbovu au maswali ni machache. Mara nyingi si hili wala si lile. Aliyeiandika programu alitaka jambo moja akaiagiza simu jambo jingine, na yote mawili aliyaita kwa jina moja. Kwa Kiingereza jina hilo ni “random”, nasi tumezoea kulitafsiri kwa nasibu, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni fungu la mtu, kile alichopangiwa. Ni istilahi nzuri. Imekaa vyema katika bahati nasibu, na wanatakwimu wameitumia kuunda sampuli nasibu. Hoja yangu si kwamba tafsiri ni mbaya, bali kwamba imebebeshwa kazi isiyo yake, ilhali Kiswahili kina neno jingine linaloifanya kazi hiyo kwa usahihi zaidi.

Pemba imepata kuguswa na nasibu ya kitaalamu kuliko wengi wanavyojua. Katika utafiti mkubwa wa kutokomeza kichocho Zanzibar, ulioanza mwanzoni mwa muongo wa 2010, zilishirikishwa shehia 90 (maeneo madogo ya utawala), yaani 45 za Unguja na 45 za Pemba, zikagawiwa kinasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa dawa peke yake, la pili dawa pamoja na kuua konokono wanaoeneza ugonjwa huo, la tatu dawa pamoja na elimu ya kubadili tabia. Ugawaji huo ulikuwa na sifa mbili. Shehia haikuchagua kundi lake, wala mtafiti hakuweza kuipendelea. Hiyo ndiyo nasibu. Lakini pia kila shehia iliingia mara moja tu, na hakuna iliyosahauliwa. Sifa hii ya pili haimo ndani ya neno nasibu. Ilitokana na orodha na utaratibu, na hiyo ndiyo inayokosekana kwenye chemshabongo.

Tuseme programu ina maswali 40, na kila mchezo una maswali 10. Simu ikiokota namba yoyote kati ya 1 na 40 kila mara, bila kukumbuka ilichokwisha kuokota, uwezekano wa maswali yote 10 kuwa tofauti ni kama asilimia 29 tu. Michezo saba hivi katika kumi itakuwa na swali lililorudi. Dawa inayopendekezwa haraka ni kuongeza maswali, na haitoshi: hata yakifika 100, zaidi ya thuluthi ya michezo bado itarudia. Wanahisabati wanalijua jambo hili kupitia fumbo la siku za kuzaliwa, kwamba kati ya watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja umeshavuka nusu. Na kwa anayejiandaa kwa mtihani kuna hasara kubwa kuliko ile ya kukereka. Ili ayaone maswali yote 40 kwa njia hiyo, itambidi, kwa wastani, ajibu maswali 171. Simu haijakosea kitu. Imeombwa nasibu, imetoa nasibu.

Kilichotakiwa ni kuchanga. Wacheza karata hawahitaji maelezo: karata huchangwa, kisha hutolewa moja moja hadi ziishe, na mzungu wa kopa uliokwisha kutoka hauwezi kutoka tena katika mkono uleule. Msamiati wa karata wenyewe ulikuja na Wareno (kopa, uru, shupaza), lakini kitenzi ni chetu. Utaratibu wa kuchanga kwa haki uliandikwa na Ronald Fisher na Frank Yates mwaka 1938, kwa watu wa kalamu na karatasi, na Richard Durstenfeld akaupa umbo la kompyuta mwaka 1964. Fisher huyo ndiye aliyetetea ugawaji nasibu katika majaribio ya kilimo, kwa hiyo shehia za Pemba na maswali ya simu vimo katika ukoo mmoja. Utaratibu wenyewe ni huu: unasimama kwenye swali la 40, unaokota namba kati ya 1 na 40, unabadilishana maswali ya nafasi hizo mbili. Unashuka hadi la 39, sasa ukiokota kati ya 1 na 39, na kuendelea hivyo hadi la 2. Anayeokota kati ya 1 na 40 katika kila hatua ameharibu. Mjaribu kwa maswali matatu: kuna njia 27 za kuokota na mipangilio 6 tu, na kwa kuwa 27 haigawanyiki kwa 6, lazima baadhi ya mipangilio ipendelewe.

Kuna watakaosema kuchanga kuna maana nyingi mno: tunachanga fedha za harusi, tunachanga kuni. Ni kweli, lakini hakuna atakayesoma “changa maswali” akatafuta shoka. Mbadala unaozoeleka, kuchanganya, una kasoro kubwa zaidi, kwa sababu kuchanganya maswali huweza kumaanisha kutia Historia ndani ya Baiolojia, au kumvuruga mtahiniwa. Wengine watasema istilahi haina haja, mwanaprogramu aweke tu orodha ya maswali yaliyoulizwa na kuokota upya likijirudia. Hilo linafanya kazi, na kwa maswali 40 simu haitachelewa sana. Ila maswali yakiisha na mwandishi hakulifikiria, programu huendelea kuokota bila kikomo na kuganda.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa walimu: kurudia ndiko kufundisha. Nakubali. Lakini kurudia kunakofundisha huchagua swali alilokosa mwanafunzi na kulirudisha kwa wakati wake, ilhali nasibu hurudisha analolijua sawasawa na asilolijua. Mwenye kutaka kurudia na achange kwanza, kisha maswali yaliyokosewa ayatie upya katika mzunguko unaofuata.

Hapo kwenye mpaka wa mizunguko kunabaki tundu dogo. Swali la mwisho la mzunguko mmoja linaweza kuwa la kwanza la unaofuata, mara moja katika 40. Kuliziba ni rahisi, kwa kulibadilisha swali hilo na jingine, lakini mpangilio ukishaguswa hivyo hauwi tena nasibu kamili. Kwa chemshabongo ningelibadilisha bila kusita. Kwa shehia, nisingethubutu.