Miaka Mitatu Bila Padre: Ahadi ya Bwana Haikuondoka na Mitumbwi



Ndugu zangu wapendwa, wiki hii baada ya kukaa na jumuiya moja ndogo ndogo, mama mmoja alinisindikiza hadi njiani akaniuliza swali lililonifuata mpaka nyumbani. Alisema, "Padre, tunaambiwa Mungu ni mwaminifu kwa ahadi zake. Mbona basi anapotuahidi kuwa nasi, huondoa vile vitu ambavyo kwavyo tungejua kwamba yupo?" Mwanamke huyu amempoteza mume, na kigango chake hupata Misa mara moja kwa mwezi. Swali lake si la ubishi bali ni la mtu anayeogopa.

Sikumjibu vizuri siku ile. Leo nataka kujibu kwa historia iliyotokea kwenye ziwa letu wenyewe, Ziwa Viktoria, nayo huwa tunaipita haraka ili tuufikie moto wa Namugongo.

Tarehe 17 Februari 1879, Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, wamisionari wa shirika lililoanzishwa na Askofu Lavigerie, walifika Entebbe kwa mtumbwi. Msafara wao ulikuwa umetoka Ulaya mwaka uliotangulia, ukapita Bagamoyo, na Padre Pascal, mmoja wao, alifia njiani kabla ya kuliona ziwa. Wenzao wakiongozwa na Padre Livinhac walifuata katikati ya mwaka huo. Waganda walimwita Padre Lourdel Mapeera, wakilitamka kwa namna yao neno la Kifaransa la kumwita padre, na jina hilo limebaki hadi leo.

Mapadre hawa walifanya kazi kwa uangalifu. Lavigerie alikuwa ameagiza kwamba mkatekumeni afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Wa kwanza walibatizwa Jumamosi Kuu ya tarehe 27 Machi 1880. Tarehe 30 Aprili 1882 wakabatizwa Yosefu Mukasa, mtumishi wa ikulu, na Andrea Kaggwa. Mwezi uliofuata, Jumapili ya Pentekoste, wakafuata Matia Mulumba na Luka Banabakintu. Kanisa la Buganda lilikuwa bado mche mchanga.

Ndipo hofu ikaingia. Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa akiyumba kati ya Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na dini ya mababu, kila upande ukivutana kumpata. Mapadre wakaona usalama wao na wa watoto waliowakomboa utumwani unazidi kupungua. Mnamo Novemba 1882 wakapanda mitumbwi, wakalivuka ziwa kuelekea kusini, hatimaye wakaweka makao Bukumbi, karibu na Mwanza. Misheni ya Bukumbi iliyoanzishwa mwaka 1883 ina mizizi yake katika safari hiyo ya hofu.

Hebu tusimame hapa ufukweni pamoja na wale waliobaki. Wengi wao walikuwa wamebatizwa miezi michache tu iliyopita. Padre wao ameondoka. Hakuna Misa, hakuna kitubio, hakuna mpako wa wagonjwa, wala hakuna askofu wa karibu wa kumwandikia. Hakuna aliyewaambia mapadre watarudi lini, kwa maana mapadre wenyewe hawakujua. Mtu mwenye busara ya dunia angehesabu kwamba katika muda wa mwaka mmoja imani ile itakuwa imekufa.

Mapadre walikaa nje ya Buganda miaka miwili na miezi minane. Katika muda huo Yosefu Mukasa aliwakusanya na kuwafundisha vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa, aliyeongoza wapiga ngoma wa Kabaka, aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa mafundisho. Matia na Luka walijenga jumuiya ya waamini huko Mityana, mwendo wa mbali kutoka ikulu, na miongoni mwa watu wa jumuiya hiyo alikuwamo mfinyanzi Noe Mawaggali. Hawakuwa na vitabu vingi wala mamlaka ya upadre. Walikuwa na ubatizo wao, sala walizojifunza kwa moyo, na neno la Bwana kwamba yu pamoja nao siku zote.

Mutesa alifariki mwaka 1884, mwanawe Mwanga akatawala, naye akawaita mapadre warudi. Mnamo Julai 1885 Mapeera aliposhuka tena pwani ya Buganda, hakukuta magofu. Alikuta Kanisa lililokua. Waliobaki walikuwa wamewaleta wengine, na wengine hao walikuwa wakiomba ubatizo.

Ningependa hadithi ingeishia hapo kwa shangwe. Haikuishia hapo. Mapadre walirudi Julai, na kufikia Novemba damu ilianza kumwagika. Yosefu Mukasa alithubutu kumkemea Kabaka kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa Anglikana, na aliwakinga vijana wa ikulu na matakwa machafu ya mfalme. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi yake ya kuwalinda vijana, alibatizwa. Tarehe 26 Mei 1886 aliuawa Andrea Kaggwa. Wakati huo Karoli Lwanga, akiwa kizuizini huko Munyonyo, aliwabatiza kwa mkono wake wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, akiwamo kijana Kizito, kwa sababu padre hakuweza kuwafikia. Alifanya yale ambayo Kanisa lile lilikuwa limezoea kuyafanya katika miaka ya upweke.

Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 25 Aprili. Ukihesabu siku arobaini, utaona kwamba tarehe 3 Juni ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana.

Wapendwa, hapa ndipo lilipo jibu langu kwa yule mama. Kupaa ni sikukuu ya Bwana anayeondoka machoni mwa wafuasi wake, na Mwinjili Matayo anaifunga Injili yake kwa ahadi ya Bwana huyo kwamba atakuwa nao hata ukamilifu wa dahari. Kuondoka machoni na kuwapo vimefungwa pamoja. Ahadi haikusema kwamba mtumbwi hautaondoka. Haikusema kwamba Kabaka atakuwa mpole, wala kwamba kuni za Namugongo hazitawaka. Ilisema, "Nipo." Sisi mara nyingi huiongezea ahadi ya Mungu masharti yetu, kisha masharti hayo yasipotimia tunasema Mungu amevunja neno.

Wala sisemi kwamba upweke ule ulikuwa mwepesi, au kwamba sakramenti si kitu. Waganda wale waliwapokea mapadre kwa furaha kwa sababu walikuwa na njaa ya Ekaristi. Mwaka 2020, makanisa ya Kenya na Uganda yalipofungwa kwa sababu ya korona, wengi wetu tulionja kidogo njaa hiyo. Imani yao haikuwafanya waache kumtamani padre; iliwazuia wasiache kusali alipokosekana.

Mwaka 1913 Buganda ilipata mapadre wake wawili wa kwanza. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu. Kila tarehe 3 Juni mahujaji humiminika Namugongo, wengine wakitembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Matia Mulumba na Luka Banabakintu hawakuyaona hayo. Walichokiona ni ziwa, na mitumbwi ikizidi kuwa midogo.

Mama, kama unasoma au kusomewa maneno haya: Jumapili ambayo mimi sipo, fungua mlango wa kigango. Keti na katekista, someni Neno, salini Rozari, mtembeleeni mgonjwa. Yesu hajasubiri pikipiki yangu ifike ndipo aje kwenu.

Na sote wiki hii tujiulize: ni nani aliye karibu nami ambaye mtumbwi wake umeondoka? Twende tukakae naye.

Ee Bwana, uliyewatia nguvu mashahidi wa Uganda walipokuwa peke yao, utufundishe kuliamini neno lako tunapoogopa. Amina.

Mbarikiwe nyote. Nawatakia tafakari njema.