Matofaa ya Usambara

Mtu ahamapo kwao huchukua mizigo ya namna mbili. Mmoja hubebwa kichwani au mgongoni, nao huonekana na kila mpita njia. Wa pili hubebwa moyoni, wala hauna mizani ya kuupima. Huo ni ukumbusho wa nyumbani: harufu ya moshi wa jiko la mama, baridi ya alfajiri, ladha ya tunda lililochumwa mtini na kuliwa papo hapo. Twauona mzigo huu wa pili kuwa mwepesi na usio na madhara, kumbe umewahi kuhamisha miti kutoka bara hadi bara, kubadili majina ya miji, na kuchonga njia katika magenge ya milima. Insha hii yakusudia kuutazama kwa mfano wa tunda moja, tofaa, na njia moja, ile ipandayo kutoka Mombo hadi Lushoto.

Yamkini msomaji atauliza habari za Usambara zamhusu nini mtu wa Nyanungu, aliye mbali kiasi hicho upande wa magharibi. Nyanungu ni nchi ya Wakuria katika wilaya ya Tarime, kando ya mpaka wa Kenya, nchi ya ng'ombe, ulezi na mahindi. Jibu limo katika mpaka huo huo. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi za Afrika Mashariki. Walianza mstari wao pwani, kwenye mlango wa mto Umba, wakaupitisha kaskazini ya Kilimanjaro, wakaumalizia ufukoni mwa Ziwa Viktoria, penye digrii moja kusini ya ikweta. Mto Umba huchimbuka katika milima ya Usambara. Na mwisho wa mstari, kabla haujafika ziwani, ulipita katikati ya nchi ya Wakuria, ukaacha ndugu hawa upande huu na ndugu wale upande wa pili. Basi Usambara na Nyanungu, ingawa hazikujuana, zilifungwa kwa kamba moja. Katika ncha moja ya kamba watawala walikata kwao kwa watu. Karibu na ncha ya pili walijaribu kupanda kwao kwenyewe.

Kwanza yatupasa kulitazama jina la tunda, maana jina nalo lina safari yake. Neno tofaa, ambalo wengine hulitamka tufaa au tufaha, lina asili ya Kiarabu, na kwa Waarabu ni jina la tunda lile lile ambalo Ulaya hustawi katika nchi za theluji. Lakini watu wa pwani yetu, ambao hawakuwa na theluji, walilitwaa jina hilo wakalipa tunda jingine: tunda jekundu lenye nyama nyeupe na harufu ya waridi, ambalo maua yake ya rangi ya damu ya mzee hupukutika na kuitandika ardhi chini ya mti kama zulia. Mti huo nao ni mgeni. Asili yake ni nchi za Wamalai, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo, kabla Mjerumani hajaja na tofaa lake, Mswahili alikuwa na tofaa lililokuja kwa pepo za bahari, akalifanya lake hata hakuna mtu wa Unguja aliyelihesabu kuwa la kigeni. Siku hizi, ili kuyatenga matunda mawili hayo, wengi huliita la Ulaya tufaha au epo.

Tofaa la Ulaya nalo si mzaliwa wa Ulaya. Wataalamu wa mimea wamethibitisha kwamba babu yake ni mti wa mwituni uotao katika milima ya Tian Shan, katika nchi ambayo leo huitwa Kazakhstan. Kutoka huko lilifuata njia za misafara kuelekea magharibi, likichanganyika na jamaa zake wa mwituni njiani, hata likafika kwa Wayunani, kwa Warumi, na mwisho kwa watu wa kaskazini. Nalo lina tabia moja ambayo kila mkulima wake huijua: mbegu yake haimrudishi mzazi. Ukipanda mbegu ya tofaa tamu, huenda ukapata mti wa matunda machungu na madogo. Atakaye tunda lile lile hana budi kukata kijiti katika mti anaoupenda, akakibebesha juu ya shina la mti mwingine, akakifunga mpaka viungane. Maana yake ni kwamba kila tofaa jema lililopata kuliwa lilitokana na mti ambao mtu aliupenda hata hakutaka kuachana nao. Ni tunda la watu wanaokumbuka.

Watu wa namna hiyo ndio waliopanda Usambara mwishoni mwa karne ya 19. Milima haikuwa tupu. Washambaa walikuwa na ufalme wao na mji wao mkuu, Vuga, ambako mmisionari Krapf alifika mwaka wa 1848 akamkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi pana hata kuelekea pwani. Walikuwa na migomba, walikuwa na mifereji ya maji, na walikuwa na jina la nchi yao, Shambaai. Lakini baada ya Kimweri kufa, ufalme uligawanyika kwa vita vya warithi, na Wajerumani wakaukuta katika udhaifu huo. Mwaka wa 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Mwaka uliofuata walifungua shamba la majaribio huko Kwai, kupima kama mazao na mifugo ya Ulaya ingeweza kustawi katika baridi ya mlimani. Mpangilio wa miaka hiyo miwili wastahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa historia: kwanza kitanzi, kisha kitalu.

Pamoja na mimea yalikuja majina. Wamisionari waliofika Mlalo mwaka wa 1891 waliuita mji wao Hohenfriedeberg. Makao ya serikali yalipowekwa Lushoto, yaliitwa Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Hewa ya baridi, ukungu wa asubuhi na misitu ya mierezi iliwakumbusha walowezi nchi waliyoiacha, nao wakayakamilisha mandhari hayo kwa nyumba za mapaa ya mteremko na bustani za matofaa, mapea na mafyulisi. Si haki kuwacheka kwa jambo hili. Mtu aliye mbali na kwao, aliyezungukwa na lugha asiyoijua na homa asiyoizoea, akipanda mti wa bustani ya baba yake, afanya jambo ambalo mimi na wewe tungelifanya. Tatizo halikuwa katika kukumbuka. Lilikuwa katika ardhi ya nani iliyobeba ukumbusho huo, na mikono ya nani iliyoupalilia.

Hapa ndipo ituingiapo habari ya njia. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka wa 1893 ilifika Mombo, chini ya milima, mwaka wa 1905. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33. Asafiriye huanza katika joto la tambarare za mkonge, kisha gari huingia katika korongo, na njia huanza kujikunja. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni genge, na chini yake mto unguruma. Penye Soni maporomoko ya maji huonekana kando ya barabara, na hewa huwa imekwisha kubadilika. Aliyefungua vifungo vya shati Mombo huvifunga hapo. Ni safari ya saa moja na kitu, lakini msafiri huona kama amevuka bahari. Kila apitaye husifu uzuri wake, na kusifu huko ni kwa haki.

Lakini njia ya mlimani haijichimbi yenyewe, wala shamba la mlowezi halikujilima. Katika wilaya ya Wilhelmstal, tangu mwaka wa 1907, ulikuwako utaratibu wa kadi za kazi. Kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia kazi Mzungu siku thelathini katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa na wengine. Asiyeitimiza kadi yake aliweza kutiwa katika kazi za serikali kwa nguvu. Hebu tuhesabu: siku thelathini mara tatu kwa mwaka ni siku tisini, robo nzima ya mwaka, nazo mvua haikusubiri mpaka mtu arudi shambani kwake. Basi ili mtu mmoja apate kukumbuka kwao, mwingine alitolewa kwake, naye hakuwa amevuka hata mto mmoja. Yeye aliuona moshi wa jiko lake kutoka katika shamba la mgeni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone; mgeni huyu alipona yeye, na mwenyeji akaugua.

Tena tofaa lenyewe lilikataa kudanganyika. Mti huu huhitaji majira marefu ya baridi ili upumzike, upukutishe majani, kisha uchanue kwa pamoja. Usambara ina ubaridi, lakini haina majira ya theluji. Na mti usiopumzika huchanua ovyo, tawi moja likiwa na maua na jingine likiwa halina kitu. Ndiyo sababu wakulima wa nchi zetu za juu hulazimika kuyaondoa majani kwa mikono na kuyainamisha matawi, ili kuuhadaa mti uamini kwamba majira yamepita. Mapea na mafyulisi yaliizoea milima kwa urahisi zaidi. Kumbe hata katika bustani, kwao hakuhamishiki kwa amri; huhitaji subira ya mtu aijuaye ardhi, na aliyeijua ardhi hiyo alikuwa Mshambaa.

Mwaka wa 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka Wilhelmstal. Jina la Kaisari likaondoka na jina la Lushoto likarudi. Miti, hata hivyo, haikuondoka. Ilibaki katika bustani za misioni na mashamba ya walowezi, na kutoka huko vijiti na miche vilipita ua hata viambo vya wenyeji. Hakuna sheria iliyowalazimisha watu kuipanda. Tuulinganishe upole wa jambo hilo na lile lililofuata. Katika miaka ya mwisho ya 1940 na iliyofuata, serikali ya Waingereza iliwaamuru Washambaa kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Shabaha iliitwa njema, lakini kazi ilikuwa nzito, ardhi ilikuwa haba, na asiyetii alitozwa faini. Watu walipinga kwa miaka mingi, wanawake kwa wanaume, na kabla ya uhuru wa mwaka wa 1961 mpango huo ulikuwa umekwisha kuachwa. Watu wale wale waliolikataa tuta walilikubali tunda, ingawa yote mawili yaliletwa na mgeni. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu wa mlimani hupinga kila jipya, kama wasimamizi wengi wa zama zile walivyodhani. Alipima kila jambo kwa swali moja: je, hili nimelichagua?

Ndivyo tunda la ukiwa wa mgeni lilivyogeuka kuwa tunda la nyumbani kwa mwenyeji. Leo apitaye Soni au Mombo katika majira yake huwaona wauzaji wakiinua vikapu kwenye madirisha ya mabasi, na ndani yake mna mapea, mafyulisi na matofaa madogo yenye ukakasi. Matofaa makubwa yang'aayo katika maduka ya mijini mengi hutoka Afrika Kusini, na siku hizi Njombe nako watu wameyalima kwa bidii. Lakini Mshambaa aishiye Dar es Salaam, akipelekewa kikapu kutoka kwao, hafikiri habari za Njombe wala za Kaisari. Hufikiri habari za mti nyuma ya nyumba ya bibi yake, na ukungu, na ile njia yenye pindi. Ukumbusho huo ni wake halali. Mababu zake waliulipia.

Turudi basi kwenye ncha ya pili ya kamba. Mtu wa Nyanungu aliye mbali na kwao hana tofaa la kumkumbusha. Ana ugali wa ulezi, kengele za ng'ombe wakirudi jioni, na vilima ambavyo upande mmoja wake ni Tanzania na upande wa pili ni Kenya. Vitu hivyo vina historia kama lilivyo nayo tofaa, tena ndani yake mna mstari wa mwaka wa 1886, mna ndugu waliotengwa, na mna Hifadhi ya Serengeti iliyotangazwa mwaka wa 1951 na kuweka mipaka mingine kwa mfugaji. Miti ya Wajerumani imeandikiwa sana, kwa kuwa waliyoipanda walikuwa na karatasi. Ulezi wa Bukuria haukupata mwandishi wa namna hiyo. Kazi hiyo yawangoja wanafunzi wetu, na wazee waijuao habari hawatangoja milele.

Mkataa kwao ni mtumwa, hulisema neno hilo kila siku, na ni la kweli. Lakini historia yatutaka tuongeze sharti moja. Tukumbukapo kwetu kwa upendo, tuulize pia ni nani aliyeichimba njia tuliyoipita kwenda huko, na kama alipewa nafasi ya kukumbuka kwake. Tukiuliza hivyo, utamu wa tunda hautapungua hata kidogo. Ila tutakuwa tumemwachia mahali pa kukaa, katika kumbukumbu zetu, mtu yule aliyekuwa na kadi ya siku thelathini mfukoni.