Malazi ya bei nafuu Thika na Ruiru: Manzili ya mwisho kabla ya Nairobi

MSAFIRI anayevuka bara la Afrika kwa barabara kutoka Cairo kuelekea Cape Town huingia Kenya kupitia mji wa mpakani wa Moyale. Hupita Marsabit na Isiolo, kisha huzunguka Mlima Kenya ama kwa upande wa Meru na Embu, ama kwa upande wa Nanyuki na Karatina. Njia hizo mbili hukutana Makutano, kusini mwa Sagana. Kuanzia hapo barabara kuu humpeleka Thika, kisha Ruiru, kabla ya kumfikisha Nairobi.

Miji hii miwili ya Kaunti ya Kiambu haitajwi sana na mawakala wa utalii. Thika iko takriban kilomita 45 kutoka Nairobi, na Ruiru karibu nusu ya masafa hayo. Hata hivyo, kwa msafiri wa shanta, yaani anayebeba mali yake yote mgongoni na kuhesabu kila shilingi, miji hii ina jambo moja la thamani: nyumba za kulala wageni zilizojengwa kwa ajili ya wenyeji walio safarini, wala si kwa ajili ya watalii.

Asili ya malazi haya

Barani Ulaya, wazo la mabweni ya bei nafuu kwa vijana wasafiri huhusishwa na mwalimu Mjerumani, Richard Schirrmann, aliyefungua bweni la kwanza la kudumu katika kasri la Altena mnamo 1912. Gesti za Thika zina chimbuko tofauti. Hizi zilizaliwa na kazi na biashara. Reli iliyofika Thika mnamo 1913, mashamba ya mkonge, kahawa na mananasi, na baadaye viwanda vya nguo, ngozi na matunda ya mikebe, vilivuta vibarua, wachuuzi na madereva waliohitaji mahali pa kujilaza usiku mmoja au miwili.

Kabla ya uhuru, kitanda kilitegemea rangi ya ngozi. Hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mnamo 1908 pale Mto Chania na Mto Thika unapokaribiana, ilikuwa kituo cha walowezi waliokuwa wakielekea mashambani au kuwinda. Inasimuliwa kwamba nguzo zake zilipakwa rangi ya samawati ili majengo yake yatofautishwe na nyumba za Waafrika zilizokuwa karibu. Katika hoteli za walowezi, kwa kawaida Mwafrika aliingia kama mpishi au mtumishi, si kama mgeni.

Isitoshe, sheria ya kipande, iliyopitishwa mnamo 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba cheti cha utambulisho na ajira kila aendako. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia Oktoba 1952 hadi Januari 1960, masharti ya kusafiri na kulala nje ya makwao yalikuwa makali zaidi kwa wakazi wa eneo hili la kati. Kwa hivyo, gesti ya kawaida ambayo leo mtu yeyote hulipia na kukabidhiwa ufunguo ni matunda ya mabadiliko makubwa kuliko inavyodhaniwa.

Aina za malazi

Mgeni anapaswa kwanza kuelewa lugha ya mabango. Nchini Kenya neno 'hoteli' mara nyingi humaanisha mkahawa wa chai, chapati, githeri na nyama, usio na kitanda hata kimoja. Anayetafuta pa kulala aulizie gesti au lojing'i.

Zipo aina tatu kuu. Ya kwanza ni vyumba vilivyo orofani juu ya maduka na mikahawa, karibu na vituo vya matatu. Hizi ndizo za bei ya chini kabisa. Chumba huwa na kitanda, meza ndogo na taa, na choo na bafu huwa vya pamoja ukumbini. Faida yake ni ukaribu na magari ya alfajiri. Hasara yake ni kelele za makanga na muziki. Baadhi huwa na baa chini, na nyingine hukodisha vyumba kwa saa. Msafiri wa kike aliye peke yake, au familia yenye watoto, hufanya vyema kuziepuka hizo za baa.

Ya pili ni gesti za mitaa ya makazi, zilizo mbali kidogo na stendi. Aghalabu huwa na ua, lango, mlinzi na vyumba vyenye choo na bafu ndani. Bei hupanda kidogo, lakini usingizi hupatikana.

Ya tatu ni nyumba za wageni za makanisa na mashirika ya kidini, ambazo hupatikana katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Hizi husifika kwa usafi na utulivu. Masharti yake ni ya kawaida: hakuna pombe, na lango hufungwa mapema. Anayefika usiku sana anaweza kujikuta nje.

Kupiga kambi Kilima Mbogo

Kwa mwenye hema, mahali pa kukumbukwa zaidi ni Ol Donyo Sabuk, mlima ambao wenyeji huuita Kilima Mbogo, ulio mashariki mwa Thika upande wa Kaunti ya Machakos. Hufikiwa kwa barabara ya Garissa. Mbuga hiyo ya taifa, iliyotangazwa mnamo 1967, ina ukubwa wa takriban kilomita 20 za mraba, na kilele chake kina urefu wa mita 2,145. Husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na ina eneo la kupiga kambi.

Jina la Kilima Mbogo si pambo tu. Nyati wamo msituni, na anayetaka kupanda kwa miguu sharti aandamane na askari wa wanyamapori. Njiani lipo kaburi la William Northrup McMillan, bwanyenye mzaliwa wa Marekani aliyefariki mnamo 1925. Jeneza lake lilikusudiwa kuzikwa kileleni, lakini mwinuko uliwashinda wasafirishaji, akazikwa kabla ya kufika.

Karibu na hapo yapo Maporomoko Kumi na Manne ya Mto Athi. Mandhari ni ya kuvutia, lakini mto huu hubeba taka kutoka Nairobi, na watu wamewahi kufa maji hapo. Si mahali pa kuoga wala pa kuchota maji ya kupikia.

Ruiru

Ruiru ilijulikana kwa kahawa. Katika kituo chake cha utafiti ndiko ilikotoka aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mnamo 1985 kwa sababu ya uwezo wake wa kustahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Leo sehemu kubwa ya mashamba imegeuka mitaa ya nyumba za kupangisha. Gesti za hapa hutegemea wafanyabiashara, wanunuzi wa ploti na jamaa za wanafunzi wa vyuo vya karibu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta kilichoko Kahawa. Msimu wa mahafali, ni busara kutafuta chumba mapema.

Mambo ya kukagua

Kabla ya kulipa, mgeni aombe kuonyeshwa chumba. Akague komeo la mlango, dirisha, chandarua na maji ya mfereji. Miji hii iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na ina mito mingi. Usiku wa Juni hadi Agosti huwa wa baridi, na mbu hawakosekani. Aangalie pia njia ya kutokea moto ukizuka, hasa katika majengo yenye ngazi moja na madirisha ya vyuma.

Mapokezi huomba kitambulisho au pasipoti ili kujaza kitabu cha wageni. Msafiri arejeshewe hati yake papo hapo, wala asiiache kama rehani. Aidha, idhini ya kusafiri ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024 humtaka mwombaji aeleze atakakofikia, ilhali gesti nyingi ndogo hazitoi hati za kuhifadhi chumba. Wanaotakiwa kuwa na idhini hiyo hulazimika kupanga usiku wa kwanza mahali penye stakabadhi.

Athari ya barabara kuu

Hadi katikati ya miaka ya 2010, safari ya Moyale hadi Isiolo ilikuwa ya vumbi na mawe, na wengi waliifanya juu ya malori ya mifugo kwa siku kadhaa. Lami imeifupisha. Nayo barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, imeifanya Thika kuwa kama kitongoji cha Nairobi. Matatu za nambari 237 huwafikisha abiria jijini bila wao kuwazia kulala njiani.

Kwa hali hiyo, gesti hizi sasa hutegemea wateja wenye shughuli mahali hapo hapo. Lakini kwa anayetoka mbali, kuingia Nairobi usiku akiwa na shanta, bila kujua mtaa wala nauli, kuna gharama na hatari zake. Kulala Thika, kunywa chai asubuhi na kuingia jijini mchana humpa nafasi ya kutafuta malazi mengine kukiwa bado na mwanga.