Wi-Fi ya wote ni redio, na redio husikiwa na wote

Mtu anayefungua laptopu hotelini au kwenye kituo cha mabasi, mbali na kwao, akitafuta koneksio ya bure ili atume fomu ya mtoto wa shule au picha kwa ndugu zake, kwa kweli anatumia redio. Historia ya Wi-Fi inaanzia hapo, na shida yake kubwa inatoka hapo pia.

Mwezi wa Juni 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao ulioitwa ALOHAnet. Visiwa vya Hawaii vimetenganishwa na bahari, na kompyuta kubwa ya chuo ilikuwa kwenye kisiwa kimoja tu. Badala ya kutegemea waya za simu, walirusha habari za kompyuta kwa mawimbi ya redio. Vituo vyote vilitumia masafa yale yale: viwili vikisema pamoja, ujumbe unaharibika, kila kimoja kinangoja kidogo, kisha kinarudia. Wazee waliowahi kuongea kwa foni ya parokia wanaujua mchezo huo. Wanajua pia jambo la pili: kwenye foni, kila aliye kwenye masafa anakusikia.

Mwaka 1985 Marekani iliruhusu masafa fulani yatumike bila leseni, na mwaka 1997 wahandisi walikubaliana juu ya kanuni za kwanza za mtandao huu. Jina Wi-Fi lilikuja 1999. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Steve Jobs wa Apple alipitisha pete kubwa ya mchezo kuizunguka laptopu iliyokuwa kwenye intaneti, ili watu waone kwamba hakuna waya. Walipiga makofi. Kufikia 2001 migahawa ya Starbucks ilikuwa imeanza kuuzia wateja koneksio hiyo.

Kufuli la kwanza la Wi-Fi, lililoitwa WEP, lilivunjwa na wataalamu mwaka huo wa 2001. Makufuli bora yalifuata, lakini sehemu za wote mara nyingi hazikuweka lolote, maana mteja hapendi kusumbuliwa. Na neno la siri lililobandikwa ukutani, kila mtu akilisoma, halibadilishi sana mambo.

Wengi hawakushtuka mpaka Oktoba 2010, Eric Butler alipotoa programu ndogo iitwayo Firesheep. Mtu asiye fundi aliweza kukaa kwenye Wi-Fi isiyo na kufuli, akabonyeza jina la jirani yake, akaingia katika Facebook ya huyo jirani. Butler alitaka kuzilazimisha kampuni zifunge milango yao. Ilichukua miaka. Desemba 2015 Let's Encrypt ilianza kuwapa wenye tovuti vyeti vya kufuli bila malipo, na leo tovuti nyingi huanza na https. Kwa hiyo kufuli liliwekwa kwenye tovuti yenyewe; hewa ilibaki ya wote. Mwenye koneksio bado anaweza kuona ni tovuti gani umetembelea, hata kama hasomi ulichoandika. Na matapeli nao wanavyo vyeti: kufuli halisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu.

Kwetu Congo, intaneti ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikarudi karibu wiki tatu baadaye. Goma na Bukavu watu walitafuta kadi za simu za Rwanda. Mwenye kiu namna hiyo haulizi maji yametoka wapi, na ndiyo saa ambayo mtu anaweza kufungua Wi-Fi ya uongo yenye jina la hoteli au la shirika. Laptopu husaidia kosa hilo, kwa sababu inaweza kukumbuka jina iliyowahi kulitumia na kujiunga yenyewe. Ukimaliza, iambie isahau mtandao huo. Windows ikiuliza kama mtandao ni wa wote au wa nyumbani, jibu ni wa wote, ili mashine isijionyeshe kwa majirani.

Kuhusu pesa ya simu, namba zile zinazoanza na nyota hazipiti kwenye Wi-Fi kabisa. Zinapita kwenye mnara wa kampuni ya simu. Aliye safarini anaweza kutuma pesa kwa njia hiyo huku Wi-Fi ya simu yake imezimwa.