Tarehe Iliyo Juu ya Keki

Siku hizi familia nyingi za Nakuru zinaunganisha sherehe. Guka anatimiza miaka 80, ndoa yake na shosho inatimiza 50, na wajukuu walioko Nairobi, Eldoret na Doha hupatikana pamoja Desemba tu. Basi grupu ya WhatsApp inafunguliwa, watu wanachanga, tenti na viti vinakodishwa, kitenge cha rangi moja kinashonwa. Pilau na mukimo zikishaliwa, keki inaletwa ikiwa na namba mbili juu yake. Vijana wanatishia kummwagia mzee maji, maana bathdei bila maji si bathdei. MC anapiga kelele, simu zinainuliwa, picha zinapigwa.

Lakini hizo namba mbili zilitoka wapi?

Tuanze na ile 80. Omba kitambulisho cha mzee yeyote pale mezani. Kuna uwezekano mkubwa utakuta 1 Januari, au mwaka peke yake. Si kwamba nusu ya Bonde la Ufa ilizaliwa siku ya Mwaka Mpya. Uandikishaji wa vizazi Kenya ulianza na Wazungu, ukafuatia kwa Waasia, na watoto wa Kiafrika wakaja mwisho kabisa. Ni mwaka 1971 ndipo ulipokuwa lazima nchi nzima. Mtoto aliyezaliwa 1945 kwenye shamba la mzungu huko Njoro au Subukia hakuwa na mtu wa kumwandika.

Karatasi ambayo serikali ya kikoloni ilimtafutia Mwafrika kwa bidii ilikuwa kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume wa miaka 16 na zaidi alitakiwa atembee nacho, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Mkoloni alitaka kujua huyu mtu ni wa bwana gani na kama ametoroka kazi. Wanawake hawakuwekwa humo. Hata baada ya uhuru ilibidi wangoje hadi 1978, sheria ilipobadilishwa ili nao waandikishwe na kupewa vitambulisho. Kwa hiyo shosho wengi walipata tarehe ya kuzaliwa wakiwa tayari na watoto wakubwa, mbele ya karani aliyewatazama, akakadiria, akaandika.

Hii haina maana kwamba watu hawakuhesabu miaka. Wakikuyu waliita marika ya tohara kwa matukio ya wakati huo. Kwa Wakalenjin, majina ya marika kama Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach na Nyongi huzunguka na kurudi baada ya takriban miaka mia moja. Ukijua rika la mtu unajua aliingia utu uzima na kina nani, na nani anapaswa kumwamkia nani kwanza. Halafu kulikuwa na matukio ambayo hakuna aliyeweza kuyasahau. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ya bonde la Subukia ilitikisika kwa nguvu ya karibu 7 katika kipimo cha matetemeko, na mpasuko ukaonekana juu ya ardhi kwa kilomita nyingi. Mama aliyejifungua wiki hiyo hakuhitaji kalenda.

Sasa ile 50. Hapa mambo ni magumu zaidi, kwa sababu ndoa ya kimila haina siku moja. Kuna kubisha hodi, kuna mazungumzo, kuna mbuzi wa kwanza, kuna kuchinja. Mahari huenda kidogo kidogo, na wazee watakwambia kwamba haiishi. Ukimuuliza shosho au kogo aliolewa lini, anaweza kukupa miaka mitatu tofauti, na yote ikawa kweli.

Tena mahari ilihitaji mifugo, na mifugo ndiyo iliyopigwa vita. Maskwota waliokuja Bonde la Ufa kufanya kazi kwa walowezi waliruhusiwa mwanzoni kulima na kufuga. Mbuzi na ng'ombe wao walipoongezeka, walowezi wakaogopa. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota, anaeleza operesheni za miaka ya 1920 za kuwanyang'anya mifugo. Maskwota wenyewe waliziita kifagio. Jina linajieleza. Boma lililofagiwa lilipoteza maziwa na akiba, na pia mbuzi waliokuwa wamekwisha ahidiwa kwa wakwe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia masharti yakakazwa tena. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya familia za Kikuyu zilifukuzwa kutoka mashamba haya na kupelekwa katika maeneo ya hifadhi ambayo baadhi ya watoto wao hawakuwahi kuyaona.

Kwa hiyo guka wetu wa 1945 alikuwa na miaka kama saba au minane wakati wa kufukuzwa huko. Alipooa 1975, Nakuru ilikuwa kwenye shughuli ya kununua mashamba kupitia kampuni kama Ngwataniro. Pesa ya mbuzi na pesa ya hisa zilitoka mfuko mmoja. Wengi walianza maisha kwanza, kanisani wakaenda baadaye, hata baada ya miaka ishirini, watoto wao wakiwa ndio wasimamizi.

Halafu kuna waliokuwa na karatasi zote na bado zikapotea. Januari 2008 nyumba zilipochomwa, cheti cha ndoa na picha ya harusi viliungua pamoja na kabati. Maelfu walilala uwanja wa maonyesho wa Nakuru wakiwa na nguo walizovaa tu. Miaka sita baadaye, Sheria ya Ndoa ya 2014 ikaagiza kwamba ndoa za kimila nazo ziandikishwe. Kuna wazee waliokwenda kuandikisha ndoa iliyokuwa na wajukuu tayari, na cheti kipya kikabeba tarehe mpya.

Je, tuache kukata keki kwa sababu tarehe ni ya kukisia? Hapana. Watu waliofagiwa mara tatu wana haki ya kuchagua siku yao wenyewe, na kama Desemba ndiyo wajukuu wamefika, Desemba ni siku nzuri. Ila kabla MC hajashika maikrofoni, kaeni na wazee nusu saa, simu ikiwa inarekodi. Msiwaulize tarehe. Waulize mvua ilikuwaje mwaka huo, walikuwa shamba la nani, mbuzi wa mahari walitoka wapi, na ni wangapi bado hawajalipwa. Hilo la mwisho, ulizeni wajomba wakiwepo.