Babati (mji)

Babati ni mji wa kaskazini mwa Tanzania na makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Uko kando ya Ziwa Babati, chini ya Mlima Kwaraa wenye kimo cha zaidi ya mita 2,400, takriban kilomita 170 kusini magharibi kwa Arusha. Katika sensa ya mwaka 2012 halmashauri ya mji ilikuwa na wakazi 93,108. Mojawapo ya kata zake ni Bonga, iliyoko kwenye barabara ya kwenda Kondoa.

Ziwa na uvuvi

Ziwa Babati ni dogo, halina kina kirefu, na maji yake ni matamu, tofauti na Ziwa Manyara ambalo ni la magadi. Wavuvi hutumia mitumbwi na nyavu, na samaki wanaofahamika zaidi sokoni ni perege na kambale. Ziwa linajulikana pia kwa viboko wake. Wageni hupenda kuwatazama, lakini mvuvi aliye ndani ya mtumbwi mdogo na mkulima mwenye shamba karibu na maji wana maoni mengine kuhusu mnyama huyo.

Vijito huleta maji ziwani kutoka kwenye nyanda za juu, lakini njia ya kutokea ni finyu. Kwa hiyo mvua zikizidi ziwa hupanda na kufurika upande wa mji. Mafuriko makubwa yalitokea mwaka 1964, 1979 na 1990. Udongo unaosombwa kutoka mashambani na miteremko iliyokatwa miti hupunguza kina cha ziwa, na hivyo usalama wa mji unategemea pia wakulima wa mbali ambao huenda hawavui samaki kabisa.

Suala la miti lina historia yake. Katika milima ya Duru-Haitemba, kusini magharibi kwa mji, serikali ilikusudia kuufanya msitu kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walipinga. Katikati ya miaka ya 1990 msitu ukakabidhiwa vijiji vinavyouzunguka, vikatunga sheria ndogo na kuweka walinzi wao wenyewe. Mfano huo ni kati ya ya kwanza nchini Tanzania, na umetajwa sana katika mijadala ya usimamizi shirikishi wa misitu.

Watu na lugha

Wenyeji wa kale wa eneo la mji ni Wagorowa, ambao pia huitwa Wafiomi. Lugha yao ni ya Kikushi na iko karibu sana na Kiiraqw. Jirani zao Wambugwe na Warangi husema lugha za Kibantu, na Wadatoga husema lugha ya Kiniloti. Ni sehemu chache za Afrika ambako familia za lugha zilizo mbali hivyo hukutana katika mnada mmoja. Biashara hufanyika kwa Kiswahili.

Biashara na barabara

Babati ni njia panda. Barabara ya kaskazini huenda Arusha, ya magharibi hupita Katesh kuelekea Singida, na ya kusini hupita Bonga na Kondoa hadi Dodoma. Hii ya kusini ni sehemu ya barabara kuu ya kale kati ya Cape Town na Cairo. Kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi, na wakati wa masika ilikuwa ya matope. Lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2018 na Rais John Magufuli.

Mazao yanayopita mjini ni mahindi, alizeti, mchele wa Magugu na hasa mbaazi. Mbaazi hulimwa pamoja na mahindi katika shamba moja, na kwa kuwa hailiwi sana na wenyeji, karibu yote hutegemea mnunuzi wa nje, yaani India. Mwaka 2017 India iliwekea mipaka uagizaji wa mbaazi. Bei ikaanguka vibaya, na wakulima wengi wakabaki na magunia ghalani.

Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Babati, ambayo awali ilikuwa makao ya wilaya tu, ikapata ofisi za mkoa na kukua haraka.